Kamba Kumi na Saba

Tarehe 3 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako halikusumbui sana na mvua hizi. Mama hajambo? Na Mjomba Winchi, bado anavuta ndoo au mgongo umemshinda? Mimi huku sijambo, ila usingizi nauona kwa wenzangu.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Ni miaka minane na miezi minne tangu tuagane pale mlangoni, tena tuliagana vibaya. Wewe ulitaka nisomee uuguzi, mimi nikasema nataka mawe. Ukanijibu maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mawe nimeyatoa mimi ardhini miaka thelathini ili wewe usiyaguse." Nikabeba begi langu nikaondoka, na tangu hapo salamu zetu zimekuwa zikipitia kwa Mama, kama majirani waliogombania mpaka. Sitaki kuzunguka mbuyu. Nakuandikia kwa sababu nina shida, na mwenye dawa ni wewe.

Kazi yangu hapa chuoni ni mlima wetu, huo huo unaouona ukifungua dirisha la jikoni. Mlima ule si jiwe moja, Baba. Ni volkano iliyojijenga yenyewe, tabaka juu ya tabaka. Ilitema lava ikatulia, ikatema majivu ikatulia, ikashusha matope mazito mpaka bondeni, ikatulia tena. Vitabu vyote vinasema mara ya mwisho kulipuka ni miaka elfu kumi iliyopita, na kwamba sasa umekufa. Aliyeviandika vitabu hivyo ndiye msimamizi wangu. Wanafunzi tunamwita Profesa Elfu Kumi, ila si mbele yake.

Mimi nimekuta kitu kingine. Kwenye korongo la upande wa mashariki kuna tabaka la majivu ya kijivu, laini kama unga, unene wake shubiri mbili. Liko juu ya yale mawe mepesi ya mlipuko mkubwa wa miaka elfu kumi, maana yake limekuja baadaye. Nasema mlima ulilipuka tena, juzi tu kwa hesabu ya milima, na kama ni hivyo basi haujafa. Umelala. Profesa anasema korongo moja si ushahidi, kwa kuwa maji ya mvua husomba majivu ya zamani na kuyalaza popote. Majivu yaliyoanguka kutoka angani huenea pande zote, manene karibu na mlima, na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Nimwonyeshe hilo kuuzunguka mlima wote, la sivyo nilifute dai langu na shahada ya udaktari niisahau. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Siwezi kuchimba mashimo kuuzunguka mlima kwa miezi mitatu. Lakini namjua mtu aliyekwisha kuyachimba. Baba, zile kamba zako bado zipo?

Binti yako,
Kokoto


Tarehe 18 Februari

Kwa Kokoto,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika, na hapa sote tu wazima. Goti langu lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako aliisoma barua mara tatu, kisha akanipa na kuniambia niisome polepole nisije nikaikasirikia kabla haijaisha. Mjomba wako bado anavuta ndoo na bado anajiita Winchi, ingawa siku hizi akivuta anapiga kelele kuliko kapi lenyewe.

Umesema umeandika kwa sababu una shida. Sawa. Mwenye kiu huikumbuka njia ya kisimani. Ningependa ungeandika bila shida, lakini barua ni barua, na nimeiweka ndani ya kofia yangu ya kazi.

Kamba zipo. Nitakueleza upya, maana hao wenzako watataka kujua zilikotoka. Kila kisima nilichochimba kina kamba yake. Pale udongo unapobadilika nafunga fundo, na ndani ya fundo nafunga kitambaa chenye chembe za udongo wenyewe. Kutoka fundo hadi fundo ndio unene wake. Nafanya hivyo ili siku kisima kikipungukiwa maji, atakayekuja kukiongeza kina ajue anakwenda kukutana na nini, asivunje sururu wala asivunjike yeye. Wachimbaji wenzangu hunicheka. Husema mchimba kisima huingia mwenyewe, nami huwajibu ndiyo, ndiyo kazi yenyewe.

Huo unga wa kijivu tunajuana. Umenitoa machozi na kamasi visima vingi. Ulikuwa pima ya ngapi na mnene kiasi gani, siwezi kukumbuka kisima kwa kisima, ila kamba zinakumbuka. Nimekutumia kumi na sita ndani ya gunia, kwa mkono wa dereva wa basi, na kila moja nimeizungushia karatasi inayosema kisima kiko wapi. Ya kumi na saba usiiulize.

Kuhusu yale ya mlangoni, tuyaache kwanza. Fanya kazi.

Baba yako,
Mchimbaji


Tarehe 14 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima. Mimi mwili hauna neno.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kukuandikia habari njema, na sasa sina. Kamba zako zilifika zote kumi na sita. Maabara yetu iko chini kabisa ya jengo, ina ukumbi mrefu wenye mabomba darini, na fundi wa maabara alinipigia misumari kumi na sita ukutani. Kila kamba ina pete ya chuma ncha moja, kwa hiyo nilizitundika kwa pete. Siku tatu nzima nilifungua vitambaa kimoja kimoja, nikatazama chembe kwa darubini, nikapima fundo hadi fundo, nikaandika.

Unga upo, Baba, katika kamba zote kumi na sita. Tena unapungua vizuri kabisa kadiri kisima kinavyokuwa mbali na mlima, shubiri tatu, mbili na nusu, moja, mpaka unakuwa unene wa kidole. Majivu yalianguka kutoka angani kweli. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu ukumbini.

Halafu nikatazama yako wapi. Kamba zote zinasema jambo moja. Majivu yako chini ya mawe mepesi. Si juu, chini. Maana yake ni ya kale kuliko miaka elfu kumi, na kile nilichokiona korongoni ni mabaki yaliyosombwa, kama Profesa alivyosema tangu mwanzo. Nilikwenda kutafuta ushahidi, nikarudi na ushahidi wa kunishitaki mwenyewe.

Profesa alishuka kutazama. Hakunicheka, na ningefurahi kama angenicheka. Alitembea kamba kwa kamba, akasema kazi ni safi na ameona watu wakikosea kwa kazi chafu zaidi. Akanishauri niandike barua ya kufuta dai, kisha nianze somo jingine dogo mwakani. Barua nimeshaiandika. Tarehe 30 naipeleka ofisini.

Nakumbuka nikiwa na miaka tisa nilivaa buti zako nikasimama mdomoni mwa kisima cha mwalimu, nikakuomba nishuke nawe. Ulisema wasichana hawashuki visimani. Nikabaki juu na Mjomba, naokota kokoto kwenye kila ndoo inayopanda na kujaza mifukoni, mpaka mkanipa jina. Labda ulikuwa sahihi. Labda ningebaki na zile za mifukoni.

Kokoto


Tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Salamu baadaye.

Usipeleke hiyo barua. Geuza kamba.

Umezitundika kwa pete, na pete si ya kutundikia. Pete ni uzito. Pete ndiyo inayoshuka mpaka majini. Sikiliza jinsi kazi inavyokwenda. Nikichimba kwenda chini sifungi fundo hata moja, kwa sababu sijui nitafika wapi. Nikishapata maji, ndipo naangusha pete mpaka igonge chini, na ninapopanda kutoka kwa mara ya mwisho, kabla hatujajenga ukuta wa mawe, natazama udongo ubavuni na kufunga mafundo nikipanda. Fundo la kwanza ni la chini kabisa. La mwisho nalifunga nikiwa nimekaa mdomoni, miguu inaning'inia, mjomba wako akiniuliza kama nimeoa huko chini. Ncha isiyo na kitu ndiyo ya juu. Wewe umeusoma mlima ukiwa umesimama kichwa chini, miguu juu.

Niliposoma barua yako nilitaka kukucheka. Mtaalamu wa udongo anaacha ngozi ya shamba ifikie majini! Kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa nimeliona kosa ni la nani. Mtu aliyekaa mdomoni huona kamba ikiingia kisimani na ikitoka. Mafundo yanavyofungwa anayaona aliye chini tu. Ungejuaje, nami ndiye niliyekuzuia?

Sasa nikueleze jambo ambalo hata mama yako sijamweleza vizuri. Nilisema wasichana hawashuki visimani. Nilidanganya. Miezi miwili kabla ya siku ile, kisima cha tano kilikuwa kimeniporomokea mpaka kiunoni, nikatoka na goti moja zima na jingine la kutabiri mvua. Ukasimama pale na buti zangu zilizokufika mapajani, ukaniangalia, nami nikaogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa chini ya udongo. Kusema "wasichana hawashuki" kulikuwa rahisi kuliko kusema "baba yako anaogopa." Na yale ya mlangoni ni hayo hayo, yamevaa nguo nyingine. Nisamehe mwanangu. Nimechelewa kulisema, ila nimelisema.

Na kamba ya kumi na saba hiyo hapo, ndani ya mfuko huu. Ni ya kile kisima kikavu cha upande wa machweo. Pima kumi na tisa nilichimba, nikagonga mwamba mtupu, maji hakuna hata ya kulowesha ulimi. Ndiyo siku walipoanza kuniita Bwana Vumbi, na wengine hawajaacha. Kamba yake niliificha kwa aibu. Lakini itazame kwenye pete. Fundo la kwanza lina kipande cha mwamba. Mwulize huyo profesa wako kama amewahi kuona mtu akianza kuchimba kisima juu ya mwamba. Na chini kidogo ya unga, katika kisima hicho, nilikuta mti ulioungua ukiwa umelala kama kuni jikoni. Kipande chake kimo katika kitambaa chekundu. Sikujua kina kazi gani, nikakifunga tu.

Nampa dereva wa basi sasa hivi, maana simu ya mama yako haina mtandao wiki hii. Nimemwambia nikisikia amechelewa nitamtumbukiza.

Baba yako anayeogopa,
Mchimbaji


Tarehe 11 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. U hali gani? Mama je? Mwambie Mjomba Winchi nimekumbuka kelele zake mpaka nimetaka kulia.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikutumia neno moja tu kwa simu ya Mama, "Imefika," kwa sababu nilikuwa nasubiri maabara ya nje, na nilitaka nikuandikie jambo lililokamilika.

Mfuko wako ulifika tarehe 29, dereva akaja mpaka mlangoni mwa bweni, akasema amepewa vitisho. Niliisoma barua yako nimesimama. Nikashuka maabara nikakimbia ngazi zote. Fundi wa maabara, yule mama mwenye miwani ya kamba, alidhani bomba limepasuka. Tukazitoa kamba misumarini tukazigeuza moja baada ya nyingine, na kila tuliyoigeuza ilikaa sawa na korongo langu, fundo kwa fundo. Tulipofika ya kumi yule mama akavua miwani, akafuta macho, akasema vumbi limemwingia. Ile barua ya kufuta dai nimekunjia vipande vya udongo.

Acha nikusomee mlima wako kama kamba zinavyousoma, kuanzia kwenye pete. Chini kabisa kuna mwamba mweusi, lava ya ujana wa mlima, uliougonga kwa sururu ukaitwa Bwana Vumbi. Juu yake tope gumu lenye mawe ya kila ukubwa. Lilishuka kutoka kileleni likiwa zito kama zege, likajaza mabonde yote, na ndilo linalozuia maji yasizame, ndiyo maana visima vyako kumi na sita vina maji. Halafu mawe mepesi, yale ya Mama ya kusugulia visigino. Hiyo ndiyo siku mlima ulipopasua kichwa chake wenyewe. Kile kilele kilichokatika unachokiona dirishani kilikuwa na ncha kabla ya siku hiyo. Kisha udongo mwekundu, pima tatu nzima, na huo ni ukimya, maelfu ya miaka ya majani kuota na kuoza na mvua kunyesha, mpaka kila aliyepita akadhani mlima umekufa. Na juu ya ukimya huo, chini tu ya shamba, unga wa kijivu.

Mti wako ulioungua tulipeleka kipande kidogo kuliko ukucha. Jibu limekuja jana. Majivu yaliuunguza miaka mia tisa iliyopita, ikizidi au ikipungua arobaini. Si elfu kumi, Baba. Mia tisa. Walikuwepo watu waliouona moto ule na kukimbia.

Nilimpelekea Profesa Elfu Kumi karatasi ile mwenyewe. Aliisoma, akageuza, akasoma tena. Hakukasirika, ila hakukubali. Anasema ameshadanganywa na kamba hizi mara moja, zikiwa zimetundikwa kichwa chini, kwa hiyo hawezi kusimama mbele ya watahini wenzake na kuapa kwa mafundo. Anataka kuona ukuta wa kisima kwa macho. Visima vyako vyote umevijengea mawe, au sivyo? Nimekwama hatua moja kutoka mlangoni.

Kuhusu lile jingine, nilisoma ukurasa ule mara nyingi kuliko karatasi ya maabara. Nimekusamehe tangu mstari wa pili. Na mimi nisamehe kwa kuondoka bila kukushika mkono.

Mwanao,
Kokoto


Tarehe 9 Julai

Kwa Kokoto,

Marahaba mara tatu, ili tusidaiane. Sote wazima, na nyumba imejaa kicheko wiki hii, utaona kwa nini.

Nani anajenga ukuta wa mawe kwenye kisima kisicho na maji? Kile kikavu nilikifunika kwa mbao na bati, nikaweka jiwe juu, nikaondoka bila kugeuka. Kuta zake ziko uchi mpaka leo. Ndiyo maana nilipopata barua yako nilimwambia mama yako nipe kofia, na ndiyo maana nilikupigia simu nikasema mtume mtu na kamera. Nilikuambia mengine nitaandika, kwa sababu kwenye simu unanikata maneno.

Basi amekuja yule mama wa maabara. Mgeni njoo mwenyeji apone. Ameshuka na masanduku mawili, amemkuta mjomba wako amekaa kando ya kapi kama mfalme, akamwambia asimame. Mjomba wako akasimama. Miaka thelathini mimi namwambia asimame hasimami. Tukafunga kamera na taa kwenye kamba, tukaishusha pima kwa pima, yeye akitazama kwenye kioo kidogo na kuita, mimi nikiwa nimefumba macho na kumwambia kabla hajaona. Nikasema sasa unakuja unga. Akasema unga huu hapa. Nikasema sasa mti. Akasogeza kioo karibu, akasema umelala, umeungua, na gome lake bado lina mistari. Nikasema wekundu pima tatu, halafu mawe mepesi, halafu tope, halafu mwamba. Ilipogonga mwamba watu waliokuwa wamekuja kutazama, wale wale wa Bwana Vumbi, walisogea wote kuchungulia. Mmoja akaniuliza kama ningependa kiti.

Mama wa maabara amesema unatahiniwa tarehe 16 Septemba, na kwamba nimealikwa kama mwenye kamba. Sina koti. Mama yako anasema nitakuwa nalo.

Baba yako


Tarehe 20 Septemba

Kwa mwanangu msomi,

Marahaba. Tumefika salama. Basi liliharibika kidogo njiani, lakini mjomba wako alikuwa na hadithi ya kumsimulia kila abiria, kwa hiyo hakuna aliyelalamika ila waliokaa naye kiti kimoja. Mama yako anakusalimu, na koti amelirudisha kwa mwenyewe likiwa na alama ya chai, kosa langu.

Naandika kwa sababu siku ile kulikuwa na watu wengi na sikupata nafasi ya kusema nilichokiona. Nilikiona kile chumba cha mtihani, viti vina meza ndogo ubavuni kama sikio, na ukutani kamba zangu kumi na saba, pete chini, kama zinavyotakiwa. Kamba zilizolala kwenye gunia na panya! Wewe ulisimama mbele yake na fimbo mkononi, ukaanza chini, ukapanda. Sikuelewa kila neno. Nilielewa kila udongo.

Watahini walikuuliza maswali saa mbili nzima, nawe ukajibu bila kutafuta maneno. Halafu yule mwenye nywele nyeupe, Profesa wako, akasema ana swali moja na si kwako, ni kwa mwenye kamba. Mjomba wako akanipiga kiwiko. Nikasimama na goti likalia chumba kizima kikasikia. Akaniuliza, kwa nini ulianzia chini? Sisi tukichimba mashimo huhesabu kuanzia juu.

Nikamwambia, "Profesa, wewe unautafuta mlima, mimi natafuta maji. Kinachotafutwa ndicho kinachohesabiwa kwanza. Udongo wa juu hata kuku anaujua."

Wakacheka, naye akacheka. Kisha akaenda ukutani akaishika ile ya kisima kikavu, akaipitisha mkononi fundo kwa fundo taratibu, mpaka akafika kwenye kitambaa chekundu. Akasema mbele ya wote, nami nimeyaweka maneno haya kama yalivyo: "Nimeuzunguka mlima huu miaka thelathini kwa juu. Nilikosea kwa miaka elfu tisa na mia moja. Andikeni hivyo, na mwandike aliyenisahihisha ni nani."

Hapo ndipo ulipolia, na mimi nikajifanya natafuta kalamu sakafuni. Mjomba wako hakujifanya, yeye alilia waziwazi, watu wakadhani ndiye baba.

Nimejivunia visima kumi na sita maisha yangu yote, kisima kimoja nikakionea haya. Sasa sijui nikionee haya kipi. Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka nimetafuta mtu wa kugombana naye nimekosa.

Baba yako,
mwenye kamba


Tarehe 2 Novemba

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi mzima, isipokuwa watu sasa wananiita "Daktari" na mimi nageuka kutazama nani kaingia.

Habari kubwa ni hii. Kwa kuwa mlima umelala na haukufa, imekubaliwa usikilizwe, kama mgonjwa anavyosikilizwa kifuani. Kuna chombo kinachofungwa kwenye mwamba, mlima ukijigeuza usingizini kinasikia, na watu wa bondeni wanaambiwa mapema. Kinatakiwa kukaa ndani sana, mbali na miguu ya ng'ombe na magurudumu, mahali pakavu. Wameuliza kama kuna shimo la kina kirefu, lisilo na maji, linalofika kwenye mwamba. Profesa aliniangalia tu.

Kuna mtu mmoja anayetakiwa kushuka na kukifunga kwa mkono wake. Wameniuliza kama nina uzoefu wa visima. Nimesema nitamwuliza baba yangu.

Mwanao,
Kokoto


Tarehe 10 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaenda kisimani, nikarudi, nikaisoma tena. Nimekikagua kile kisima mara tatu. Nimeweka mbao mpya mpaka pima ya sita pale udongo ulipo laini, na nimebadilisha kapi. Mama yako amekununulia buti za kipimo chako.

Kamba ya kisima kile iko huko chuoni ndani ya kioo, kwa hiyo kisima hakina kamba. Nimenunua mpya, nimeitia pete. Haina fundo hata moja, mafundo utafunga wewe. Mjomba wako atavuta, mimi nitasimama mdomoni. Siku zote nimekuwa wa chini, sijui wa juu hufanya nini na mikono yake. Mara hii ni zamu yangu kukaa juu na kuogopa, na nitaogopa vizuri. Njoo ushuke.

Baba yako


Tarehe 27 Novemba, pima ya kumi na tisa, kwa ndoo

Kwa Baba aliye juu,

Shikamoo Baba. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, maana kutoka huku nasikia unavyomwuliza Mjomba kila dakika kama nimesema kitu. Mimi sijambo kabisa. Kuna ubaridi kidogo, na harufu ya mawe tu.

Chombo nimekifunga, kimeshika. Nimeweka kiganja kwenye mwamba, nao umetulia. Kabla sijaanza kupanda nataka ujue kwamba nimepaona ulipopaacha, alama za sururu yako bado ziko ubavuni, nimezipapasa zote.

Mwambie Mjomba asivute haraka, nitakuwa nikisimama njiani kutazama udongo. Nimeshafunga fundo la kwanza. Nimeanzia chini.

Binti yako,
Mchimbaji